Wanangu Mnaokwenda Kusomea Uhandisi

Kabla hamjapanda basi la Dar es Salaam, wanangu, vukeni kwanza Kilwa Kisiwani. Najua wengi wenu mmezaliwa Masoko, Kivinje au Somanga, na magofu yale mmeyazoea kama mtu anavyozoea ukuta wa kwao. Safari hii nendeni kama watu waliochaguliwa kusomea uhandisi. Ingieni Msikiti Mkuu, simameni chini ya kuba, mtazame juu, mjiulize: paa hili la mawe na chokaa, lililojengwa bila nondo hata moja, lilisimamaje?

Jibu lake si fupi. Matumbawe yakitolewa baharini yangali mabichi huchongeka, yakikauka huwa magumu. Chokaa ilitokana na matumbawe hayohayo, yakichomwa juu ya lundo la kuni. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za mwambao wetu ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo aliyetaka kufunika nafasi kwa namna nyingine alijifunza kujenga tao na kuba. Na sehemu ya msikiti wenyewe iliwahi kuanguka. Karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa na aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, msikiti ulipanuliwa sana, sehemu mpya ikawekwa juu ya nguzo za matumbawe za jiwe moja moja. Sehemu ile ikaporomoka. Karne ya 15 wakaijenga upya, kwa nguzo za namna nyingine.

Hapo ndipo elimu yenu inapoanzia. Kwa nini kimesimama, na kwa nini kimeanguka? Mtu anayeuliza hivyo kila siku, chuo kitamfaa, awe Mlimani, awe DIT, awe Mbeya. Asiyeuliza atatoka na cheti, na cheti hakibebi mzigo.

Mtakapofika mtakuta madesa. Wanafunzi wa mwaka wa pili watawapa maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, na watawaapia kwamba hayo yanatosha. Ni kweli, mara nyingi yanatosha kufaulu. Siwakatazi kuyapitia. Ninachowaomba ni kwamba kila swali mlifanye wenyewe kwanza, hata likichukua usiku kucha, ndipo mfungue jibu. Hisabati ya mwaka wa kwanza wengi huiona kama kizingiti cha kurukwa ili wasipate sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha waisahau. Mimi nasema hiyo ndiyo mali yenu kubwa, na nitawaonyesha kwa jambo mnalolijua.

Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara yetu kuu ya kusini, Somanga na Matandu. Mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Wagonjwa, wafanyabiashara, wanafunzi, wote wakabaki wanayatazama maji. Sasa tuseme umepewa kusanifu daraja litakalohimili mafuriko yanayotokea, kwa wastani, mara moja katika miaka 50. Wengi wakisikia hivyo hudhani wamehakikishiwa miaka 50 ya usalama. Sivyo. Kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2 wa kupata mafuriko makubwa kuliko hayo, na asilimia 98 wa kutoyapata. Chukua 0.98, izidishe yenyewe kwa yenyewe hadi zitimie 50, utapata kama 0.36. Maana yake, ndani ya miaka hiyo 50, uwezekano wa maji kuzidi kipimo chako angalau mara moja ni karibu asilimia 64. Msingi wa hesabu hiyo mmeshausoma sekondari. Aliyeikariri tu ataisahau baada ya pepa, na siku atakapokaa ofisini kuchagua ukubwa wa kalavati, atachagua kwa bei. Aliyeielewa ataona basi limejaa watu.

Karakanani msione haya kushika tupa na kuchafua mikono. Fundi wa karakana huenda hana shahada, lakini anajua kwa sauti tu kwamba mashine inaumia. Msalimieni kwa heshima, mkae karibu naye, mumuulize. Nanyi mabinti, msikubali kila kazi ya kikundi mpewe kuandika ripoti huku wavulana wakifungua injini. Shikeni spana.

Mafunzo kwa vitendo, hayo mnayoyaita fildi, yatafuteni mapema na myatafute penye kazi ya kweli, si penye kiyoyozi. Huku kwetu kazi zipo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha nchi kavu hadi Ubungo kuzalisha umeme. Mtoto wa Kilwa anayesomea mitambo au kemia anapaswa kujua bomba la chuma linalindwaje lisiliwe na chumvi. Kila jioni ya fildi andikeni daftarini mlichokiona, mchore na michoro kwa mkono.

Bumu likitoka, lipeni kwanza chakula cha mwezi mzima, kikokotoo kizuri na vifaa vya kuchorea. Simu mpya ingoje. Fedha ile ni mkopo, na Bodi ya Mikopo itaudai.

Jambo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Watoto wetu wa kusini wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa. Ni adabu njema nyumbani. Darasani inawaangamiza. Wanashindwa somo wiki ya tatu, wanaona aibu, wananyamaza, na mwisho wa mwaka tunasikia fulani kadisko, kaondolewa chuoni, karudi. Mkikwama wiki ya tatu, mwoneni mwalimu wiki hiyohiyo. Mwambieni kwa upole, "Mwalimu, naomba unisaidie, hapa sijaelewa." Akiwa na shughuli, rudini kesho yake. Nendeni pia kwa wenzenu wanaoelewa, mkae meza moja. Tafadhali wanangu, ulizeni.