Mpaka wa Mjonso

Novemba 1987, katika misitu ya Mahale ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, sokwe mtu jike aliyepewa jina la Chausiku alikuwa mgonjwa. Alilala kuliko kawaida yake, na wenzake walipohama alijikokota nyuma yao. Mara akasimama penye kichaka kimoja, akavuta tawi changa, akamenya gome, akatupa majani, akaanza kutafuna moyo wa tawi. Akafyonza maji yake, akatema makapi. Waliokuwa wakimfuatilia ni mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mzaliwa wa eneo hilo na mjuzi wa dawa za kwao. Mohamedi alikitambua kichaka papo hapo. Kwa Kitongwe kinaitwa mjonso, na kwao ni dawa kali ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu. Mwaka 1989 wawili hao waliandika pamoja yale waliyoyaona, nayo yakachapishwa katika jarida la wataalamu wa wanyama wa jamii ya nyani.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama habari ya dawa. Lakini ndani yake limo swali jingine, la zamani kuliko dawa yenyewe: Chausiku alijuaje kuwa ni kichaka hiki, si kile cha pembeni? Na alipokijua, alijua nini hasa?

Mjonso ni wa jamii ya alizeti, ukoo mpana unaobeba pareto, letusi na hata kishona nguo kinachong'ang'ania sketi za wanafunzi. Ndugu zake wa karibu ni wengi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kando ya barabara, kwenye mashamba yaliyolazwa na pembezoni mwa misitu. Anayepita kwa gari huona vichaka tu. Anayeshuka akachuma jani ataanza kuona tofauti, na inafaa kushuka kweli.

Jani la mjonso ni refu na jembamba kiasi, limechongoka pande zote mbili, na ukingo wake una meno madogo. Umbo hilo lilimkumbusha Mfaransa Delile jani la mlozi, ndiyo maana mwaka 1826, akieleza mimea iliyoletwa na msafiri Cailliaud kutoka bonde la Nili, aliuita Vernonia amygdalina. Maua yake ni meupe ya maziwa, madogo. Ukiliweka ua moja chini ya lenzi utagundua kuwa si moja: ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyobanana, kila kimoja kikiwa na mrija wake, kila kimoja kikiwa tayari kutoa mbegu yake. Kwa hiyo katika ukoo huu hata hesabu ya kwanza kabisa, ya kusema hili ni ua moja, inahitaji kufikiriwa upya.

Sasa chukua ndugu yake, auriculifera. Majani yake ni makubwa, mgongo wake una manyoya laini, maua yake ni ya zambarau, na pale kikonyo kinapokutana na shina kuna vipande viwili kama masikio. Jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo, mwenye masikio. Myriantha naye anafanana na huyu kiasi cha kumsumbua hata aliyezoea. Jina lake lasema ana maua yasiyohesabika. Na lasiopus, ambaye jina lake lamtaja kuwa na mguu wenye manyoya, maua yake hufunguka ya urujuani kisha hupauka hadi kukaribia weupe. Mtu akimkuta siku ya kwanza na mwingine akamkuta wiki moja baadaye, wanaweza kubishana rangi na wote wakawa wamesema kweli.

Hapo ndipo wanafalsafa huingia. Je, mipaka hii iko kwenye vichaka, au imechorwa na sisi? Linnaeus, aliyewapa wanasayansi mtindo wa majina mawili, aliandika mwaka 1751 kwamba spishi ni nyingi sawasawa na zile zilizoumbwa mwanzoni. Kwake mpaka ni kazi ya Muumba, na mtaalamu anausoma tu. Miaka sitini hivi kabla yake, Mwingereza John Locke alikuwa ameshika upande wa pili: vitu vinafanana kweli, lakini kuvipanga katika mafungu ni kazi ya akili ya binadamu. Darwin naye, mwaka 1859, aliliona neno spishi kuwa jina la kurahisisha mambo, lisilo na tofauti kubwa na jina la aina ndogo ndani ya spishi.

Ubishi huu haukuanzia Ulaya, na msomaji wa pwani hahitaji kuuazima huko. Umo ndani ya visa viwili vya Adamu ambavyo watu wa Afrika Mashariki wamevisikia tangu utotoni, kila mmoja katika nyumba yake ya ibada. Katika Kurani, sura ya Baqara, Mwenyezi Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina yote. Malaika wanapoulizwa, wanakiri kuwa hawana ujuzi ila ule waliofundishwa. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anawaleta wanyama na ndege mbele ya Adamu aone atawaitaje, na kila alichokiita ndicho kikawa jina. Katika Kurani jina ni elimu inayopokewa. Katika Mwanzo jina ni uamuzi unaoachiwa mtu. Na katika simulizi hiyo ya Mwanzo, Adamu haletewi mmea hata mmoja. Vichaka vilibaki bila kupangwa, na pengine ndiyo sababu vimetutaabisha hadi leo.

Vimetutaabisha sana. Jenasi ya Vernonia, iliyopewa jina la Mwingereza William Vernon aliyekusanya mimea Amerika ya Kaskazini mwishoni mwa karne ya 17, ilikua hadi kubeba spishi zipatazo 1,000 katika mabara kadhaa. Mtaalamu wa Marekani Harold Robinson aliitazama upya kwa kupima chavua, kemikali na kromosomu. Zile za Amerika, kromosomu zake huenda kwa mafungu ya 17. Za Afrika na Asia kwa mafungu ya 9 au 10. Kwake ule ulikuwa ushahidi kwamba ukoo mmoja ulikuwa umeficha koo nyingi. Mwaka 1999 aliwaachia Waamerika jina la Vernonia na kuwahamisha Waafrika. Mjonso ukawa Gymnanthemum amygdalinum, na auriculifera na myriantha wakaufuata. Lasiopus alipelekwa kwa jina jingine, Baccharoides. Mwaka uliofuata, kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilipofikia kundi hili, kilibaki na jina la zamani.

Yote hayo yakipita, hakuna jani lililobadilika hata unyoya mmoja.

Ni rahisi kuhitimisha hapo kwamba Locke ameshinda, kwamba majina ni mapatano tu. Makala haya hayakubali. Mwangalie tena Chausiku. Alitupa majani na gome, akala moyo wa tawi. Maabara ilipopima baadaye, ilikuta sumu aina ya vernodalin imejaa zaidi katika majani na gome, huku kiini kikiwa na kemikali nyingine chungu isiyo kali kiasi hicho. Sumu haikungoja mapatano ya mtu yeyote. Aliyekosea mpaka angeulipia kwa mwili wake, na mpaka unaoweza kukuumiza ukiupuuza haukuchorwa kichwani.

Usambara kuna ushahidi wa namna nyingine. Wakulima wa Lushoto wana kichaka wanachokiita tughutu. Majani yake huyafukia shambani kurutubisha udongo, na watafiti waliopima majani hayo waliyakuta kweli yana chakula kingi cha mimea. Katika maandishi yao kiliitwa Vernonia subuligera. Siku hizi vitabu vinahesabu jina hilo kuwa jina jingine tu la myriantha. Tughutu limebaki tughutu. Mkulima aliuliza swali moja, kipi kinalisha mahindi yangu, na kichaka kikamjibu. Mtaalamu aliuliza jingine, nani ni mtoto wa nani, naye akajibiwa kwa kromosomu. Majibu ni tofauti kwa sababu maswali ni tofauti, na yote mawili yametoka kwenye kichaka chenyewe.

Wakati mwingine majibu hayo hukutana. Mwaka 1928 kijana wa Kijerumani, Ernst Mayr, alikwenda kukusanya ndege katika milima ya Arfak huko New Guinea. Yeye alihesabu spishi 137. Wenyeji alioishi nao walikuwa na majina 136. Watu wasiosoma kitabu kimoja, wasio na lugha moja, walikutana karibu kila mahali. Mayr aliushika ushahidi huo maisha yake yote, na ni vigumu kumlaumu. Ni kweli mimea huchanganya damu kwa urahisi kuliko ndege, na hesabu safi kama ile haipatikani upesi vichakani. Hata hivyo mjonso wa Watongwe ni umubirizi wa Burundi na Rwanda, ni mululuza wa Waganda, ni ewuro wa Wayoruba. Kuvuka nusu ya bara, ndimi zimekubaliana kuwa kitu hiki ni kimoja na ni kichungu. Nchini Kamerun wapishi wa ndole, mboga ya majani hayo, wanamtambua hata ndugu yake asiye mchungu sana, hymenolepis, na humpanda kwa makusudi. Anayepika mchungu hujua kuwa lazima majani yasuguliwe na kukamuliwa kwenye maji, povu la kijani litoke, maji yamwagwe, kisha kazi ianze upya. Mikono yake inajua kilipoishia kichaka kimoja na kingine kilipoanzia.

Wataalamu wa mimea wana desturi moja katika hifadhi zao. Tawi lililokaushwa hubandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni huwekwa kijikaratasi chenye jina, mahali na tarehe. Akija mwingine miaka thelathini baadaye akaona jina lilikosewa, habandui cha kwanza. Anabandika chake kando yake na kutia sahihi. Wa tatu hufanya vivyo hivyo. Karatasi ya zamani huweza kuwa na majina manne, kila moja kwa mwandiko wake, la mwisho likiwa Gymnanthemum. Katikati yake ni lile tawi, limegeuka rangi ya majani ya chai, na ukilisogezea lenzi mgongoni mwa jani, nywele zake fupi bado zinaonekana.