Sababu Isiyojibika

Mwombaji kazi akikosa diploma, anaambiwa. Akikosa uzoefu wa mashine, anaambiwa. Lakini akiwa na vyote viwili, na waliomhoji wakahisi tu kwamba hataendana nao, anapewa barua ya mistari miwili iliyojaa shukrani. Ofisini Lubumbashi, kama kwingine, ndivyo wanasheria wanavyoshauri: mshukuru, usimweleze, maana kila unachoandika kinaweza kusomwa siku moja mbele ya hakimu. Ushauri huo una busara yake. Ila naona ndimo ubaguzi unamopata maficho.

Sababu ni nini? Nadhani sifa yake ya kwanza ni kwamba inajibika. Ukiniambia sijui kuchomelea, naweza kukuonyesha bomba nililolichomelea jana, au niende nikajifunze. Ukiniambia siendani nanyi, sina la kukuonyesha. Wewe ndiye mpimaji, na wewe ndiye mizani. Kauli ya namna hiyo inamweleza zaidi anayekataa kuliko anayekataliwa.

Wakongomani waliwahi kupimwa hivyo bila kificho. Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji ulianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ukaongeza daraja la juu zaidi, la kuandikishwa rasmi, kwa Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kuwa amestaarabika. Wakaguzi waliingia hadi nyumbani kwake, wakatazama familia inavyoishi na inavyokula. Kufikia 1958, katika koloni zima, walioandikishwa walikuwa 217. Mkaguzi aliyeandika kwamba fulani bado hajafika hakusema uongo. Alikuwa amepima umbali kati ya meza ya yule mtu na meza yake mwenyewe.

Katanga, jimbo la migodi ambalo Lubumbashi ni mji wake mkuu, ina kisa kichungu zaidi, kwa sababu safari hii wapimaji tulikuwa sisi. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, haikupata vibarua wa kutosha karibu, ikawafuata mbali, jimbo jirani la Kasai likiwemo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawataka wakae kambini na wake zao na watoto wao. Watoto wakasoma, wakawa makarani, walimu, mafundi. Miaka ya 1992 na 1993, gavana Kyungu wa Kumwanza akihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, watu waliozaliwa katika miji yake ya Likasi na Kolwezi, ambao Kasai waliisikia kwa wazazi tu, waliambiwa warudi kwao. Walifukuzwa kwa mamia ya maelfu. Wengi wakalala stesheni wakingoja treni. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière na iliyokuwa tayari inayumba, ikapoteza watu walioijua kazi. Na ugomvi wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kazi: nani akae kwenye kiti kipi. Sisemi kwamba kila meneja anayemkataa mtu kwa kutoendana naye anawasha moto ule. Nasema kauli ni ileile, ila gavana alikuwa na kipaza sauti.

Hata hivyo, kuendana si ndoto. Chini ya mgodi, mtu anayeficha kosa lake anaweza kuwaua wenzake. Muuguzi anayewadharau wagonjwa hapaswi kupewa wodi, hata awe na alama gani. Mwajiri ana haki ya kuyajali hayo. Lakini hayo yanatajika: unaweza kuandika kwenye tangazo, kabla hujasoma jina la yeyote, kwamba unamtaka mtu anayetoa taarifa ya hitilafu papo hapo. Jaribu kuandika kwenye tangazo hilohilo kwamba unamtaka mtoto wa kwetu. Na huku kwetu jina ndilo linalosomwa kwanza, ingawa Ilunga anaweza kuwa wa Kamina, Katanga, au wa Mbuji-Mayi, Kasai, na mchambua majina akaumbuka.

Sheria ipo. Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Katiba ya 2006, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, kwa asili ya familia, hata kwa mahali anapoishi. Hilo la mwisho linatatiza, maana vijiji vilivyo jirani na migodi hudai vijana wao waajiriwe kwanza. Mimi niko upande wa vijiji. Wanavijiji wanataja mashamba waliyopoteza, vumbi, maji. Mambo ambayo mtu anaweza kwenda kuyaona na kuyabishia. Hawajasema kwamba mgeni ana kasoro.

Basi mwajiri na aandike, kabla ya mahojiano, ni mwenendo upi anaoutafuta, kisha mbele ya kila jina aandike alichokiona na alichokisikia. Mwanasheria wake atapinga: karatasi hiyo ndiyo ya kwanza ambayo hakimu ataiomba. Ni kweli. Lakini karatasi tupu inamlinda mwajiri mwadilifu na mbaguzi sawasawa, na aliyeko nje ya lango, barua yake ya shukrani mkononi, hana namna ya kujua amekutana na yupi kati yao.