Mheshimiwa, Ulitoa Nini?

Binamu yangu anaishi Brooklyn Park, mji ulio kaskazini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Wakenya wamejaa huko kiasi kwamba unga wa ugali ukikuishia usiku, hukosi mlango wa kubisha. Kazi yake ni kutunza wakongwe, zamu ya usiku. Akitoka kazini, kabla hajalala, hunipigia simu. Kwetu Nairobi huwa ni alasiri.

Mwezi Mei 2025 alianza kunisomea barua anazopokea kwa simu kutoka kwa mbunge wake katika bunge la jimbo. Hazikuwa na madoido. Bajeti imekwama hapa, upande huu unadai hili, sisi tumekubali kuachia lile. Halafu mambo ya mtaani: barabara fulani itafungwa kwa ukarabati, mkutano wa wakazi utakuwa maktabani siku fulani, njooni na maswali.

Nilimcheka. "Mbunge akuandikie wewe, kama nani?"

"Kama mwajiri wake, kaka," akanijibu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Minnesota hupanga bajeti ya miaka miwili kwa mpigo, na mwaka wake wa fedha huanza Julai 1. Bajeti isipopita, serikali ya jimbo hufunga milango. Mwaka 2011 ilifunga kwa siku 20. Mwaka huo wa 2025 hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu Bunge la Wawakilishi lenye viti 134 lilikuwa limegawanyika katikati: Democrats 67, Republicans 67. Kupitisha mswada kulihitaji kura 68. Hakuna aliyeweza kwenda popote bila kumshika mkono mpinzani wake.

Republicans walishikilia sharti moja. Wahamiaji watu wazima wasio na makaratasi waondolewe kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato kidogo. Watoto wao wangebaki. Sheria ya kuwaingiza ilipitishwa 2023, Spika akiwa Melissa Hortman, yule mbunge wa binamu yangu kutoka Brooklyn Park, na wakaanza kupata bima hiyo Januari 2025. Hawakuwa wamemaliza hata nusu mwaka.

Bunge lilifunga kikao Mei bila kumaliza kazi, likaitwa tena kwa kikao maalumu Juni 9. Mswada wa kuwaondoa ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65. Republicans wote 67 waliunga mkono. Kura ya 68 ilitoka kwa Hortman, ambaye wakati huo aliongoza Democrats katika Bunge hilo. Alibomoa kwa mkono wake ukuta alioujenga, ili bajeti nzima isianguke. Baadaye alisimama mbele ya waandishi wa habari akitokwa machozi, na hakujificha nyuma ya maneno. Alikiri kwamba kuna watu wataumizwa na kura ile.

Binamu yangu hakulala siku ile. Kazini kwake kuna mama anayesafisha vyumba, hana makaratasi, na ana kisukari. "Ametutoa sadaka," aliniambia. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwuliza tu alikojulia yote hayo. Alinyamaza kidogo. "Amesema mwenyewe," akajibu.

Siku tano baadaye, Jumamosi Juni 14, alinipigia akinong'ona. Simu za mtaa mzima zilikuwa zimelia alfajiri kwa tangazo la polisi: msitoke nje, msimfungulie mtu. Mwanamume aliyevaa kama askari alikuwa amempiga risasi Hortman na mumewe, Mark, nyumbani kwao. Wote wawili walikufa. Usiku huohuo, katika mji jirani wa Champlin, seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe, Yvette, walipigwa risasi wakanusurika. Sisemi mauaji yale yalitokana na kura ile. Ninasema tu kwamba binamu yangu, aliyekuwa bado na hasira yake ya Jumatatu, alilia siku ile kama aliyefiwa na mtu wa kwao. "Nilikuwa na deni naye," alisema. "Nilitaka nikamwulize maktabani."

Neno hilo, deni, ndilo limenikalisha chini kuandika haya.

Agosti 2024 nilienda mazishini kijijini kwetu. Mbunge wetu alifika jeneza likiwa tayari limeshushwa kaburini, akapewa kipaza sauti. Akahesabu: nimewaletea stima, nimewaletea madarasa mawili, nimewaletea basari. Tukapiga makofi, ingawa basari za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ni pesa zetu wenyewe zikirudi nyumbani baada ya safari ndefu. Wiki chache kabla ya hapo, Juni 25, Bunge la Taifa lilikuwa limepitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana walioupinga wakaingia hadi ndani ya Bunge, wengine wakauawa barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada huo. Basi pale mazishini, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya aliinua fimbo yake akauliza, "Mheshimiwa, wewe ulipiga kura upande gani?"

Mheshimiwa alicheka. Akasema siku ya msiba siyo siku ya siasa. Kisha msaidizi wake akaanza kupita na noti za mia mbili, "za soda", mkono kwa mkono. Mzee alipewa. Nami nilipewa, na nikapokea. Swali likafukiwa pamoja na marehemu.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu simu zile za Minnesota. Sina haja ya kuipamba Marekani. Nchi ambayo mwakilishi huuawa mlangoni kwake haina somo la kutufundisha kuhusu amani. Lakini bajeti ni ileile kila mahali. Shilingi iliyoenda kwenye lami haikwenda zahanati. Anayekuambia alicholeta bila kukuambia kilichoachwa amekusomea ukurasa mmoja wa daftari, na wahenga walishatuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi wapiga kura tumemfundisha mbunge kutusomea ukurasa huo mmoja. Tunamngoja mazishini, harusini na kwenye harambee, tunapima moyo wake kwa unene wa bahasha. Hakuna anayemwuliza alikaa kamati gani, alisema nini, alikubali kupoteza nini ili apate nini. Mbunge anayejua hataulizwa hana sababu ya kujiandaa kujibu. Kura mbaya iliyosemwa wazi ninaweza kuipinga, kuisamehe au kuilipiza kwa kura yangu. Kura iliyofichwa nyuma ya noti ya mia mbili siwezi kuifanya lolote.

Juni bajeti husomwa, na Julai wabunge huanza kuonekana vijijini. Wako akifika, msikilize amalize hesabu ya alivyoleta. Mpigie makofi kama anastahili. Kisha simama umwulize swali moja: Mheshimiwa, na ulitoa nini? Mpe nafasi ajibu. Akikunyooshea mia mbili kabla hajajibu, mrudishie.