Somo la 8: Mezani Bila Maziwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:29, Mwa. 18:1–8; 1 Fal. 19:1–8, Dan. 1:8–16, Rum. 14:1–19, 1 Kor. 10:31, 3 Yoh. 2.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Katika kanisa moja la milimani alikuwapo mama aliyeacha nyama tangu usichana wake. Baadaye aliacha pia maziwa, siagi na mayai. Kwa miaka 11 chai yake ilikuwa ya rangi, uji wake wa wimbi uliungwa kwa karanga, na mchicha wake ulipikwa kwa tui la nazi. Wageni walisifu mapishi yake, na kila robo aliitwa kufundisha darasa la afya.

Kisha nyayo zake zikaanza kufa ganzi. Kwanza alidhani ni viatu. Siku moja alianguka akishuka na ndoo ya maji, kwa sababu mguu haukujua umekanyaga wapi. Hakumwambia mtu. Aliogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa wenyewe: waliomcheka wangesema chakula chake ndicho kilichomwangusha, na aliowafundisha wangerudi nyuma. Hivyo akaongeza maombi, na miguu akaificha.

Juma hili linamtazama mama huyu pamoja na wote wanaotembea njia yake. Je, mtu anaweza kushika kanuni njema kwa namna inayomuumiza? Na Mungu humtendeaje mtu wa namna hiyo?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Bustani na Hema

Soma Mwanzo 1:29, kisha Mwanzo 18:1–8. Ni chakula gani kilichotolewa Edeni? Ni nini kilichowekwa mbele ya wageni wa Ibrahimu?

Edeni Mungu alimpa mwanadamu mimea itoayo mbegu na matunda ya miti. Maziwa hayakutajwa. Huo ndio mlo wa kwanza, nao unaonyesha kusudi la Muumba kabla dhambi haijaingia. Anayechagua kula vyakula vya mimea tu ana mahali pazuri pa kusimama.

Lakini Ibrahimu, rafiki wa Mungu, aliwaandalia wageni wake maziwa na siagi pamoja na nyama ya ndama, nao wakala. Nchi ya ahadi yenyewe ilisifiwa kwa maziwa na asali (Kut. 3:8). Isaya alipowaita wenye kiu, maziwa yalikuwa miongoni mwa vitu walivyoitwa kuvipokea bila fedha (Isa. 55:1). Hakuna mahali popote Maandiko yanapoyaita maziwa najisi.

Mambo haya mawili hayapingani. Edeni inaonyesha mlo bora aliouweka Mungu. Hema la Ibrahimu linaonyesha jinsi anavyokutana na watu wake mahali walipo. Anayetaja Edeni peke yake ataishia kumhukumu Ibrahimu, na anayelitaja hema peke yake atasahau bustani. Kwa hiyo kuacha maziwa kusihesabiwe pamoja na kuacha vyakula vilivyokatazwa katika Walawi 11. Kile ni suala la utii kwa agizo. Hili ni suala la hekima, afya na dhamiri.

Kwa nini ni hatari kuliita jambo dhambi pale ambapo Biblia haikuliita hivyo?

JUMATATU
Nuru ya Hatua kwa Hatua

Soma Mithali 4:18 na Yohana 16:12. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu mwendo wa Mungu katika kuwafundisha watu wake?

Tarehe 6 Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa njozi kuu kuhusu afya. Hata hivyo, alifikia uamuzi wa kuondoa nyama kabisa mezani pake mwaka 1894, akiwa Australia. Zaidi ya miaka 30 ilipita katikati. Kanisa linaloisoma historia hiyo kwa uaminifu haliwezi kumdai mshiriki mpya ayamalize yote katika juma moja la mahubiri.

Kuhusu maziwa na mayai, ushauri wake ulikuwa na pande mbili. Alionya kwamba magonjwa ya wanyama yangezidi, na kwamba wakati ungefika ambapo ingekuwa salama zaidi kuyaacha. Lakini alipohutubia Baraza Kuu mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 81, alitahadharisha pia watu wasijiletee taabu kwa makatazo makali yanayokuja kabla ya wakati wake. Aliwakumbuka hasa maskini na wale wanaoishi mahali ambapo matunda na karanga ni adimu. Hao wasishurutishwe kuacha maziwa na mayai bila kupata kitu cha kujaza nafasi yake.

Onyo la kwanza linaeleweka vizuri kwa mfugaji. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na bruselosi, ile homa inayopanda na kushuka na kuuma viungo kwa miezi. Nyumba inayotumia maziwa iyachemshe, hata kama desturi inasema mabichi ndiyo matamu. Hilo nalo ni matengenezo ya afya.

Ni eneo gani la maisha ambalo Mungu alikungojea kwa subira? Je, unawangojea wengine vivyo hivyo?

JUMANNE
Barua kwa Daktari

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alipokuwa amechoka hata kuomba afe, Mungu alianza kumtendea nini?

Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa ale tena. Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu.

Mwaka 1901 Dkt. Daniel Kress alikuwa akifanya kazi ya uganga Australia. Alikuwa mwaminifu katika ujumbe wa afya hata akaondoa karibu kila kitu kitokanacho na mnyama, bila kuwa na chakula cha kutosha badala yake. Mwili wake ukadhoofika kwa upungufu mkali wa damu, hata akakaribia kufa. Ellen White alimwandikia mwezi wa Mei mwaka huo. Hakumpongeza kwa ukali wake. Alimwagiza abadilishe mlo wake na atumie mayai ya kuku wenye afya pamoja na maji ya zabibu yasiyochachuka, kwa kuwa mwili wake ulihitaji vitu vilivyomo humo.

Daktari akatii, akapona. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Barua ilipoandikwa, hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kiitwacho vitamini B12. Ilitengwa katika maabara mwaka 1948. Leo inajulikana kwamba vitamini hii hutengenezwa na bakteria, si na mimea. Humfikia mwanadamu kupitia vyakula vya wanyama, au vidonge, au vyakula vilivyoongezwa virutubishi viwandani. Mchicha hauna. Maharage hayana. Mtu anaweza kula vizuri sana kutoka shambani mwake na bado aikose.

Hatari yake ni kwamba haiji kwa haraka. Ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Ndiyo sababu mtu huacha maziwa na mayai, akajisikia mwepesi mwaka wa kwanza, akashuhudia mwaka wa tatu, kisha baada ya miaka mingi akaanza kuchoka bila sababu, ulimi ukamwuma, akasahau mambo, nyayo zikafa ganzi. Mboga za majani zina folati nyingi, nayo huweza kuficha dalili za damu wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Ikichelewa kutibiwa, madhara mengine hayarudi nyuma.

Kama Mungu alimtumia daktari mgonjwa barua badala ya lawama, kanisa limtendeeje mshiriki anayedhoofika?

JUMATANO
Ukitoa, Weka

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikataa chakula cha mfalme. Je, aliishia hapo?

Danieli alipokataa, alitaja pia chakula mbadala, akaweka muda wa siku 10, akakubali kupimwa na mtu asiyeamini kama yeye. Imani yake haikuogopa kupimwa. Kuogopa kipimo cha damu kwa jina la imani si mfano wa Danieli.

Dkt. Harry Miller, mmisionari Mwadventista nchini China, aliona watoto wengi wakikosa maziwa. Alitengeneza maziwa ya soya, na mwaka 1936 akaanza kuyatoa kiwandani Shanghai. Mwaka uliofuata vita ilikiharibu kiwanda, lakini hakuacha kazi hiyo. Alielewa kwamba mezani hakupaswi kubaki nafasi tupu.

Nyumba inayoacha maziwa ijiulize basi kilichokuwa ndani ya kikombe kile. Kalsiamu hupatikana katika wimbi, ufuta na sukuma wiki. Mchicha unayo pia, ila mwili huipata kwa shida kwa sababu ya asidi iliyomo katika majani hayo. Protini hutoka katika maharage, kunde, choroko, soya na karanga. Mafuta mazuri yamo katika parachichi. Haya yote yapo sokoni, mengi kwa bei nafuu kuliko maziwa. Lakini B12 itafutwe kwa makusudi: kidonge kutoka duka la dawa, au chakula ambacho maandishi ya pakiti yake yanasema imeongezwa. Kumeza kidonge hicho si upungufu wa imani, kama vile kuvaa miwani ya kusomea Biblia si upungufu wa imani.

Uangalifu uzidi kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama. Maziwa ya soya ya nyumbani hayawezi kuchukua nafasi yake. Na mama asiyekula kitu cha mnyama asipopata B12, mtoto anayenyonya huikosa pia. Mama huyo azungumze na mhudumu wa kliniki mapema, kabla dalili hazijaonekana.

Ni mara ngapi darasa la afya limefundisha cha kuacha bila kufundisha cha kuweka?

ALHAMISI
Kikombe cha Mama Mkwe

Soma Warumi 14:1–19. Anayekula anaonywa asifanye nini? Na asiyekula je?

Paulo anawaonya wote wawili. Anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Makosa hayo mawili hukaa meza moja.

Kijana aliyeacha maziwa anapomtembelea mama mkwe wake kijijini, mama huyo hukama ng'ombe alfajiri, akatia majani na tangawizi, akaleta chai nzito ya maziwa. Kwake kikombe hicho ni maneno ya upendo. Kijana akikisukuma mbali na kuanza kueleza magonjwa ya ng'ombe, amemjeruhi mama. Anaweza kupokea kwa mikono miwili, kushukuru, na kusema kwa upole, "Mama, shikamoo tena kwa wema wako. Tumbo langu halielewani na maziwa siku hizi. Nikipata ya rangi nitafurahi sana." Na mama mkwe naye, akisikia hivyo, asiseme kwamba mtoto wa watu amefundishwa kiburi.

Hata miili haifanani. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, wakajaa gesi na kuharisha. Lakini katika jamii za wafugaji, kama Wamasai, wengi huyanywa bila taabu. Mwinjilisti anayepeleka injili manyatani asianze na kibuyu cha maziwa. Aanze na Kristo.

Ufalme wa Mungu, anasema Paulo, haujengwi juu ya kula na kunywa (Rum. 14:17). Mlo ni mtumishi mwema wa haki, amani na furaha. Ukivigeuza kuwa vita vya nyumbani, umekaa kiti kisicho chake.

Ni nani aliyejeruhiwa na maneno yako kuhusu chakula? Utamwendea lini?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Mama wa milimani alianguka mara ya pili, safari hii mbele ya binti yake. Binti hakuuliza kuhusu chakula. Alimwuliza tu, "Mama, tangu lini?" Mama akalia, akasema yote. Hospitalini damu ikapimwa, naye akaanzishiwa sindano za B12. Nguvu zilirudi baada ya majuma kadhaa. Ganzi ya vidole haikuondoka yote.

Sabato moja aliomba nafasi katika darasa la afya. Alisimama akishika kiti, akawaambia alichokificha na sababu ya kukificha. Alisema bado hanywi maziwa, na hana haja ya kurudi huko. Ila sasa kidonge chake kipo kando ya Biblia yake, na anavishika vyote viwili kila asubuhi. Baada ya kipindi, dada wawili na mzee mmoja walimfuata nje, kila mmoja kwa wakati wake, wakamwonyesha miguu yao.

Kilichomshinda mama huyu kwa muda hakikuwa kukosa maziwa. Ilikuwa hofu ya kuonekana mdhaifu mbele ya ndugu zake. Mtume Yohana alimwombea Gayo mafanikio na afya (3 Yoh. 2), kanisa linaloomba hivyo na liwe pia mahali ambapo mgonjwa anaweza kusema, "Naumwa," asihukumiwe.

Maswali ya Kujadili:

1. Jadilini tofauti kati ya kanuni ya afya na sharti la wokovu. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba mtu amevichanganya?

2. Kwa nini mama yule aliogopa kanisa kuliko ugonjwa? Darasa lenu linaweza kufanya nini ili hofu hiyo isiwepo?

3. Tajeni vyakula vinavyopatikana katika soko lenu vinavyoweza kuchukua nafasi ya maziwa. Ni kirutubishi gani ambacho hamwezi kukipata humo, na mtakipata wapi?

4. Kama kuna mshiriki ambaye kwa miaka mingi hali chochote cha mnyama, nani atamtembelea juma hili kumwuliza hali yake, akaenda kusikiliza na si kubishana?