Je, Kazi ya Mungu Yafaa Kukaguliwa?

Katika parokia zetu kuna neno linalosemwa kwa upole, nalo huzuia mambo mengi. Mzee wa kanisa akiuliza mradi wa maji umefikia wapi, au ng'ombe wa maziwa waliogawiwa mwaka juzi wako katika hali gani, hujibiwa kwamba kazi ni ya Mungu, na Mungu mwenyewe anaona. Muulizaji huona haya, akaketi. Twapenda kulichunguza neno hili, maana si dogo.

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuuchukua peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, aeleza kwamba makanisa yalimchagua ndugu mwingine asafiri nao, ili pasiwe na lawama juu ya fedha hizo. Ikiwa mtume hakuona kuangaliwa kuwa ni tusi, mtunza hazina wetu atachukizwa na nini? Hilo la kutoaminiana twaliweka kando. Swali gumu ni jingine: kukagua kwenyewe kwafanya nini katika kazi inayokaguliwa? Maana kipimo hakikai pembeni kikitazama tu. Chaweza kuinyoosha kazi, na chaweza kuipinda.

Huko Busia, magharibi ya Kenya, shirika la Kikristo la Kiholanzi liitwalo ICS lilisaidia shule za msingi katika miaka ya 1990. Lilikubali jambo ambalo wengi hulikwepa, yaani kazi yake ipimwe kwa kulinganisha shule zilizopata msaada na zile ambazo zilikuwa bado. Mmoja wa wachunguzi wale, Michael Kremer, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya kiada. Nani angetilia shaka vitabu? Lakini mitihani ilipolinganishwa, wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza ni lugha ya tatu. Kama pasingalipimwa, ripoti ingalihesabu vitabu vilivyogawiwa, wafadhili wangalishukuru, na mtoto wa nyuma angalibaki na kitabu asichoweza kukisoma.

Hapo kipimo kilisema kweli. Sasa tazama kilipofungwa pamoja na zawadi. Mwaka 1998 na 1999 shirika lilo hilo liliwaahidi walimu wa shule 50 zawadi ikiwa wanafunzi wao wangefanya vizuri katika mitihani. Thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Alama zilipanda. Lakini walimu hawakuhudhuria kazini zaidi ya kwanza, wala kazi za nyumbani hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa kwa mtihani. Mradi ulipokwisha, faida ile haikudumu. Sisi tuliokaa miaka mingi katika vyuo vya ualimu twaijua hali hiyo: mkaguzi akija Jumanne, ubao hupendeza Jumanne. Hatuwalaumu sana walimu wale. Waliulizwa alama, wakatoa alama.

Kisa cha tatu, cha pande zizo hizo, ndicho kinachotusumbua zaidi, kwa sababu ndani yake hamna mwovu. Walimu wakuu walipewa fedha za kuwatuza walimu wa chekechea waliofika kazini bila kukosa. Fedha ambazo hazikutolewa zingebaki kwa manufaa ya chekechea yenyewe. Walimu wakuu wakawapa wote tuzo kamili, waliofika na waliokosa. Nani kati yetu hangefanya hivyo? Mwalimu wa chekechea ni jirani, malipo yake ni haba, na Jumapili mwakaa benchi moja. Lakini huruma ile ililipwa na nani? Ililipwa na watoto wadogo walioketi bila mwalimu, nao hawakuitwa kwenye mashauri. Huruma inayotolewa kwa mali ya asiyekuwapo, twaona vigumu kuiita upendo.

Hatusemi basi kwamba kila kitu kihesabiwe. Ziko fomu zinazojazwa kwa ajili ya ofisi ya mbali tu: semina ngapi, waliohudhuria wangapi, chakula cha mchana kiasi gani. Hizo humchosha katekista na hazimfundishi lolote. Twasema aulizwe yule ambaye mradi ulifanywa kwa ajili yake, tena aulizwe hata baada ya wafadhili kuondoka. Mama achotaye maji aseme bomba latoa maji siku ngapi kwa juma, na likiharibika nani hulitengeneza. Na majibu yasomwe mbele ya washirika, kwa lugha wanayoielewa, hata habari isipokuwa njema. Ikiwa ng'ombe wanne kati ya kumi wamekufa, kamati iseme wanne. Wala asiondolewe mtu katika kamati kwa kusema hivyo, maana akiondolewa, mwaka unaofuata ng'ombe wote watakuwa hai katika daftari. Halafu waliopewa ng'ombe wapewe nafasi ya kusema. Huenda wanajua sababu ambayo afisa wa mradi hakuiona: josho liko mbali mno, au dawa hufika baada ya mvua.