Utu wa Mvaaji na Haki ya Mshonaji

Mtu anunuapo nguo huuliza mambo matatu: bei yake, uimara wake, na kama rangi yake haichuji. La nne, yaani ni nani aliyeishona na alipata nini kwa kazi yake, haliulizwi ila na wachache, na hao wachache wakiliuliza dukani huonekana wapekuzi. Twapenda kulitafakari swali hilo la nne, na kulitafakari tukiwa Ujiji, kwa sababu ni haba miji ya nchi yetu ambayo historia yake imefungamana na nguo kama mji huu wa kando ya Ziwa Tanganyika.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, nguo ilikuwa fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na kwa vipimo hivyo msafiri alinunua chakula, alilipa hongo, alinunua pembe za ndovu. Na pia, twasema kwa uchungu, mfanyabiashara alinunua binadamu mwenzake. Nguo iliyotakwa mno ilikuwa merikani, na jina lake latoboa siri ya asili yake. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka bara hili hili. Ikavuka bahari hadi Unguja, ikapanda mabegani mwa wapagazi, ikatembea miezi mingi, ikafika ziwani kununua watumwa wengine. Ilipopungua sokoni, haikupungua kwa sababu dhamiri ya mvaaji ilimsuta. Ilipungua kwa sababu Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, na pamba ikaadimika.

Hatumlaumu mvaaji wa zamani hizo. Angejuaje? Mwenzake wa Ufipa, kusini mwa ziwa, aliyevaa nguo iliyofumwa kwa pamba ya bonde la Rukwa, aliweza kumjua mfumaji kwa jina na kumwona akifuma. Wa Ujiji alitenganishwa na mfumaji wake kwa bahari, na umbali ulimpa udhuru. Swali letu ni kama udhuru huo ungali halali kwa mtu wa leo.

Wala tusiidharau nguo, tukaiona ni pambo tu. Huko Unguja vazi la mtumwa mwanamke lilikuwa merikani na kaniki. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuuondoa utumwa katika sheria, wengi wa wanawake hao waliiacha kaniki wakajifunga kanga, na mji mzima ukaelewa walichokuwa wakisema. Vazi lilikuwa cheti cha uungwana. Sisi tunaotunga mashairi tumeisifu kanga na aliyeivaa mpaka wino ukatukauka. Shairi la kumsifu aliyeichapa au aliyeipinda hatukumbuki kulitunga.

Huko Mombasa kuna duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo kanga zake hubeba chapa “Mali ya Abdulla”. Twaiheshimu chapa hiyo. Mtu atiaye jina lake katika pindo la nguo hujiweka mbele ya hukumu ya wanawake wote watakaoifua, na ukoo unaofanya hivyo kizazi baada ya kizazi una jambo la kujivunia. Lakini kwa miaka mingi kanga za pwani yetu zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Bila kumtuhumu yeyote twaweza kusema kwamba jina la mwenye mali lilisomeka, na la mwenye mkono halikusomeka. Serikali yetu ilijaribu kuufupisha umbali huo: kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, Mwanza ikapata Mwatex, na Musoma Mutex. Habari ya viwanda hivyo ni ndefu, na yataka makala yake.

Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 2013. Jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaambiwa warudi kazini. Tangu hapo wanunuzi wengi duniani wametafuta nguo wanayoweza kuivaa bila kusutwa, na baadhi yao wakaona kimbilio ni karakana ndogo ya ukoo, ambamo mama, binti na shangazi hushona chini ya paa moja. Twakiri kwamba nasi tuliamini hivyo.

Tulipokuwa Kigoma kwa kazi, tulitakiwa kushonesha sare za vitenge kwa harusi ya binti wa ndugu yetu. Tuliacha maduka ya Mwanga tukaenda kwa mama mmoja wa Ujiji, mwenye vyerehani vitatu barazani, ambaye gauni zake zajulikana mpaka ng’ambo ya ziwa. Tulimshukia bei bila haya. Akakubali, akasema, “Kwa kuwa ni wewe, mzee.” Usiku mmoja, siku mbili kabla ya harusi, tulipita kuulizia mzigo, tukamkuta msichana peke yake barazani, amejiinamia cherehani. Alikuwa binti wa kaka yake yule mama, ameletwa kutoka kijijini. Tulimuuliza analipwa kiasi gani kwa gauni moja. Akatazama chini, akasema, “Nipo kwa shangazi, baba.”

Punguzo tulilojisifia lilikuwa limetoka machoni mwake.

Tulizungumza na mama yule, naye hakukosa hoja. Alimpokea mtoto asiye na pa kwenda, akamlisha, akamvisha, akampa ufundi ambao kwingine hulipiwa. “Nikimpa mshahara,” alisema, “nitakuwa nimemfanya mtu baki.” Hoja hiyo ina uzito, na kijana asomaye haya asiiruke haraka. Undugu wetu haukujengwa kwa hesabu, na wengi wetu tumesoma kwa sababu mjomba au shangazi hakuandika alichotoa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini msichana yule alikwisha kuupita umri huo, na kwa vyovyote hakuna aliyesema ameajiriwa.

Hata hivyo, tulimuuliza mama swali moja: fedha za gauni huingia wapi? Akasema ndani ya nyumba. Na nyumba ikijenga, kiwanja huandikwa jina la nani? Hapo alinyamaza. Kwa maoni yetu, ndipo mfano wa wazee wetu unapoachana na biashara. Aliyelima shamba la ukoo alirithi shamba hilo au alikatiwa lake. Jasho lake lilimrudia kwa njia nyingine. Cherehani kinapoingiza fedha taslimu, na fedha hizo zikawa za mmoja, neno “nyumba” laweza kumfunika msichana kama merikani ilivyofunika mabega ya wanunuzi wake.

Tuliongeza fedha tulizokuwa tumeshusha, tukaomba zipewe aliyeshona. Miezi michache baadaye tulipita tena. Ukutani palikuwa na daftari limetundikwa kwa kamba, na jina la msichana limeandikwa juu ya safu yake, na chini yake tarakimu. Kama zilikuwa haki yake yote, hatukuweza kujua. Mama alituuliza iwapo tumekuja na kitenge kingine, na safari hii alitaja bei yake mapema, kwa sauti, naye msichana akiwa anasikia.