Kabla ya Kununua Pikapu, Inameni Pamoja



Msimu wa maembe unapokaribia hapa Tawa, na kote Makueni, nyumba nyingi huanza mazungumzo ya pikapu. Maembe yako shambani, mnunuzi yuko mbali, na kukodi gari kila mara kunamaliza faida. Basi fahali anauzwa, mkopo wa chama unachukuliwa, na Toyota Hilux au Isuzu ya zamani inatafutwa. Ni jambo jema. Lakini fedha hizo ni karo ya watoto na jasho la watu wawili.

Katika Injili ya Luka (14:28), Bwana Yesu anasema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza ahesabu gharama. Katika nyumba ya Kikristo, wanaoketi ni wawili. Baba, usiende kununua gari peke yako ukamletea mama habari. Mama, usiseme hayo ni mambo ya wanaume. Macho manne huona zaidi.

Tazameni chini ya rangi

Kwa kawaida, Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo pikapu ya miaka 20 mnayoonyeshwa imekwisha kubeba mizigo yetu kwa muda mrefu: mchanga, mawe, maji na ng'ombe. Nje inang'aa. Msiishie hapo. Nendeni mchana, gari likiwa kavu na tupu, pamoja na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji.

Chukueni sumaku ndogo, muifunge kitambaa, muipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Mahali inapokataa kushika, huenda ni puti iliyoziba tundu. Inueni kapeti mtazame sakafu. Kisha inameni mtazame chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, hasa inapopita juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa. Huko matope hujibana, hutunza unyevu wa mvua, na kutu hula chuma polepole. Gongeni kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu na kumwaga maganda. Gari lililokaa Mombasa lichunguzwe mara mbili, maana upepo wa bahari una chumvi. Na mkikuta rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu, ulizeni inaficha nini.

Sasa simameni nyuma ya gari. Je, limelala upande mmoja? Kagueni kila jani la springi kama lina ufa. Kandamizeni kona ya mbele, kisha muiachie: gari likiendelea kuruka-ruka, shokabsoba zimechoka. Tairi lililolika upande mmoja nalo lina habari yake. Fundi aliinue gurudumu kwa jeki, alishike juu na chini, alitikise. Likicheza, beringi au viungo vimelika. Lakini mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kulika na kutu ni mambo mawili

Fundi mzuri atawaeleza tofauti. Mipira ya springi na shokabsoba hulika kwa sababu gari limefanya kazi. Punguziweni bei, mnunue vipuri, safari iendelee. Lakini chasisi iliyoliwa na kutu pale springi inaposhikiliwa ni hatari. Siku ya mzigo mzito mteremkoni, inaweza kuachia. Gari hilo liacheni, hata likiwa rahisi namna gani.

Wapenzi, katika ndoa pia kuna kulika na kuna kutu. Mama aliyeamka alfajiri kuteka maji, akashinda shambani, jioni anajibu kwa mkato: huko ni kulika. Baba aliyekosa kibarua na sasa amenyamaza mezani, huko ni kulika. Hakuna aibu, maana kumetokana na kubebana. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizikumbusha familia maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Ni vipuri vya bei nafuu, navyo hupatikana hata katika nyumba maskini.

Kutu ni ile siri. Ni mkopo ambao mke haujui. Ni akiba ambayo mume haijui. Ni simu inayofichwa kila mwenzako akiingia. Jumapili tunaketi benchi moja kanisani, tumevaa vizuri, rangi inang'aa. Chini, chuma kinaliwa.

Fikirini mume aliyenunua pikapu bila shauri, kwa fedha za fahali ambaye mkewe alimlisha wakati wa kiangazi. Springi inavunjika njiani, maembe yanaoza. Mke hasemi neno. Mume anashukuru kwamba nyumba ina amani, kumbe kimya kile ni matope yaliyoshika unyevu. Hasara ya maembe yaweza kulipwa msimu ujao. Kimya kile kitalipwa na nini, kama hakuna anayekubali kuinama?

Hapa mfano wa gari unafikia mwisho wake. Gari bovu tunaliacha. Mwenzi tuliyepewa mbele ya altare hatumwachi kwa sababu tumeona kutu. Hata chuma kilicholiwa chaweza kukatwa kikachomelewa kipya, lakini kwanza rangi ikwanguliwe. Semeni ukweli ninyi wawili. Nendeni kwenye Kitubio. Mkishindwa, mwoneni padre au wana ndoa wazee wa jumuiya mnaowaamini. Na palipo na kipigo, mtu asidanganywe kwamba huko ni kulika kwa kawaida. Anayepigwa atafute usalama kwanza. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kumlinda, na Kanisa halimwambii afiche majeraha.

Jumamosi moja kila mwezi, watoto wakisha kulala, zimeni redio, mfanye ishara ya msalaba, mkaulizane maswali haya:

1. Ni wapi nimekuchosha mwezi huu?
2. Kuna jambo gani sijakuambia?
3. Ni mzigo gani tuupunguze, au tuubebe pamoja?

Anayeulizwa ajibu bila kukatizwa. Anayesikia asiweke neno lile akiba kwa ugomvi wa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu azibariki nyumba zenu na safari zenu. Amina.